Sitaki Kuitwa Mke

Sehemu ya Saba

Wasomaji wangu, mliniacha kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha daktari, mkoba mapajani, nikisubiri watu wengine waje kuniambia hali ya mwanamume niliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na tatu.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: Clifford wangu alianguka bustanini akichimba viazi, hospitali wakamkuta na saratani ya kongosho. Daktari alipouliza mimi ni nani kwake, binti yake Gail alinitangulia kujibu. "Rafiki wa baba," alisema. Rafiki haingii. Nikabaki nje.

Mlango ulifunguliwa, Gail akatoka peke yake. Macho yalikuwa makavu, lakini koti alikuwa amelivaa upande mmoja tu, mkono wa pili unaning'inia.

"Krismasi atafika," alisema. "Labda."

"Na mwaka mpya?"

"Hawaahidi."

Niliinama. Gail alidhani nalia. Silii mbele ya Gail. Nilikuwa nafikiria tarehe thelathini na moja Desemba.

Wasomaji wa tangu mwanzo mnamjua Roy. Wageni niwaambie kwa kifupi. Niliolewa na Roy kanisani, hapa hapa mjini kwetu Todmorden, nikiwa binti mdogo, nikaapa mbele ya watu kwamba nitamtii. Aliponivunja taya, polisi aliyekuja alikunywa chai yangu, akaniambia, "Wewe ni mkewe, mama. Yamalizeni wenyewe." Talaka ilikuja baadaye sana. Hilo neno mke nililiacha pale mezani pamoja na kikombe cha yule polisi, sikulirudia tena.

Clifford Uttley alinikuta hivyo na akanichukua hivyo. Yeye alikuwa fundi wa mabasi, amefiwa na mkewe Jean, ana binti mmoja. Hakunidai jina. Aliniita bibie, kwa utani, basi.

Lakini tulitaka sheria itutambue. Serikali ilikuwa imewatengenezea wanaume wanaopendana wenyewe kwa wenyewe, na wanawake vivyo hivyo, kitu kinaitwa uenza wa kisheria. Mnaingia ofisini, mnasaini mbele ya mashahidi, mnatoka. Hakuna kuapa, hakuna mume, hakuna mke, hakuna baba wa kumkabidhi mtu kwa mtu. Mdogo wangu Lionel alisaini na Piers wake. Mimi na Clifford tulipokwenda kuomba, karani alitutazama kama tumepotea njia. "Hicho si chenu," alisema. "Ninyi mna ndoa. Oaneni."

Miaka ikapita. Kuna wenzetu wawili London waliishitaki serikali hadi mahakama ya juu kabisa, wakashinda. Bunge likabadilisha sheria. Mwanamume na mwanamke nao wataruhusiwa, kuanzia siku ya mwisho ya mwaka ule wa 2019.

Tulifurahi mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi Clifford akaanguka kwenye viazi.

Gail alikaa kiti cha pembeni yangu. Sikumbuki kama aliwahi kukaa karibu nami vile.

"Muoane," alisema.

"Nini?"

"Muoane, Avril. Wiki hii. Daktari anasema kwa mtu wa hali ya baba, msajili wa ndoa anakuja mpaka kitandani, hawangoji zile siku za kutangaza ndoa. Nyumba imeandikwa jina la baba, na wosia hataki hata kuusikia. Akifa hivi mlivyo, wewe huna kitu mle ndani. Yote inakuja kwangu."

"Si utafurahi?"

Hakukasirika. "Sitaki kuwa mtu aliyekutoa nje na masanduku yako," alisema. "Nisingelala usingizi. Sikupendi, unajua hivyo. Lakini siyo kiasi hicho."

"Tarehe thelathini na moja sheria inaanza, Gail."

"Atakuwa amekufa."

Mtu mwingine angelizungusha. Gail hajui kuzungusha.

"Mama yangu alikuwa mke," aliendelea. "Aliitwa mke wa Uttley mpaka siku tunamzika, na hakuona aibu. Wewe unaliogopa hilo neno kama ugonjwa. Unajua mimi nasikiaje, miaka yote hii, ukisema hutaki kuwa kile mama yangu alichokuwa?"

Sikuwahi kufikiri kwamba niliposema vile, kuna mtu mwingine chumbani alikuwa akisikia jambo tofauti.

* * *

Walimhamishia juu kilimani, kwenye hospitali ndogo ya wagonjwa wasiopona. Pazuri kuliko nilivyotegemea. Pana harufu ya keki, na dirisha linatazama mfereji na paa za mji zilizolowa. Muuguzi wake aliitwa Maxine, mnene, mcheshi, anamwita kila mtu mpenzi: wagonjwa, madaktari, mpaka fundi wa bomba.

Lionel alikuja toka Leeds. Nikampeleka kantini, nikamweleza alivyosema Gail.

"Sasa unangoja nini?" aliuliza, akimega keki yangu. "Olewa, dada. Dakika kumi tu."

"Wewe mbona ulisaini uenza?"

"Kwa sababu ndicho tulichopewa." Aliweka uma chini. "Avril, sikiliza. Sisi hawakutaka tupite mlango wa mbele. Wakatutobolea mlango wa jikoni, wakasema haya, piteni huku, ndani ni kule kule. Tukapita, tukashukuru. Halafu baadaye wakatufungulia na wa mbele. Sasa wewe, mwenye mlango wa mbele tangu uzaliwe, umesimama uani kwenye mvua unapigania ule wa jikoni."

"Wa mbele nilishapita, Lionel. Najua kilichomo."

"Kilichomo alikuwa Roy. Clifford si Roy."

"Najua kuwa si Roy. Ndiyo maana sitaki kumpa alichopewa Roy."

Alipangusa makombo. Lionel ni mtu wa mzaha, akiacha mzaha unajua umempata, au amekuhurumia.

"Basi muulize yeye," alisema mwishowe. "Wewe na Gail mnavutana, mwenye kufa hajaulizwa."

Nilipanda juu. Njiani kwenye ngazi niliamua. Ningeolewa. Kwa Clifford ningelisema hilo neno, nilimeze kama dawa chungu, na kesho yake nisilitamke tena.

Clifford alikuwa ameegemezwa mito, ndevu hazijanyolewa, mdomo umekauka. Nilimpa barafu ya kunyonya, nikamwambia.

Aliihamishia barafu shavu la pili.

"Gail amekutia hofu ya nyumba," alisema.

"Si nyumba peke yake. Nataka nikija hapa wasiniulize mimi nani."

"Ukiolewa leo, utakuwa mke wangu."

"Ndiyo."

"Utasema kwa mdomo wako."

"Nitasema."

Akatikisa kichwa. "Hapana, bibie."

"Clifford."

"Nilikukuta unalala na kiti kimeegeshwa mlangoni. Ilichukua muda mrefu mpaka ukakiondoa kile kiti. Sasa nikuambie, kwa kuwa mimi naogopa kufa, kirudishe? Hapana. Mwite huyo msajili, mwambie aandike siku ya thelathini na moja. Nitafika."

"Na usipofika?"

"Nitafika, nakwambia. Nimefufua mabasi mabovu kuliko mimi." Akakohoa, akapumzika, akanishika kidole. "Na siku hiyo nikiwa nalia, nikiwa sijitambui, nikiwa sijui nini, wewe nishikishe kalamu. Unasikia? Hata nikikataa."

Nilisema nimesikia.

Ndugu wasomaji, wako watakaosema nilikuwa mjinga, na Clifford mjinga zaidi. Hata mimi nimejiambia hivyo mara nyingi tangu wakati ule, nikiosha vyombo, nikifunga mapazia. Andikeni mnachotaka kwa mhariri. Lakini siku ile nilitoka chumbani kwake nimesimama wima.

Gail alipopata habari alipiga ukuta kwa kiganja. "Baba anakufa na ninyi mnachagua maneno," alisema, akaondoka bila koti kwenye mvua.

* * *

Msajili alikuja mapema Desemba kuchukua maelezo yetu. Bi Hepworth, mwembamba, miwani kwenye mnyororo, viatu vya kutembelea milimani. Alituuliza maswali yake, Clifford akajibu yote na akamtania kuhusu viatu. Bi Hepworth alicheka. Akasema sisi tutakuwa wa kwanza kwake, mwanamume na mwanamke, na kwamba angekuja mwenyewe hata theluji ianguke.

Krismasi Clifford alifika. Alilamba mchuzi wa bata mzinga kwenye kijiko, akasinzia.

Baada ya hapo alishuka haraka. Maumivu yalipanda mgongoni, dawa ikaongezwa, ikaongezwa tena. Dawa ilimpa usingizi, na usingizi ulimpeleka mbali. Alianza kuzungumza na mafundi wenzake waliokwishakufa. Aliuliza kama basi la Halifax limerudi gereji.

"Ni dawa, mpenzi," Maxine aliniambia. "Si yeye."

Asubuhi ya thelathini na moja nilivaa gauni la buluu. Lionel alikuja na tai, na chupa ya mvinyo kwenye mfuko wa plastiki. Gail alikuja pia. Sikumtegemea. Tulihitaji mashahidi wawili, na kabla sijamwomba alisema, "Mimi nitasaini. Tusiongee."

Bi Hepworth aliingia na mkoba wake, akavuta kiti mpaka kitandani. Alisema maneno machache mazuri. Kisha akasema kuna jambo lazima alifanye kwanza, ni utaratibu, asikie kwa mdomo wa Clifford mwenyewe kwamba anaelewa.

"Bwana Uttley, habari za asubuhi. Unajua leo tumekuja kufanya nini?"

Clifford alimtazama kwa adabu, kama mtu anayetazama abiria asiyemfahamu.

"Bwana Uttley, huyu aliyekaa hapa ni nani?"

Akanigeukia. Uso wake ukafunguka, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja ambalo nilidhani ni langu.

"Jean," alisema.

Lionel aliweka mfuko wa mvinyo sakafuni.

"Baba," Gail alisema polepole, "huyu ni Avril. Mama alifariki."

"Jean, mwambie huyu mama mimi nimeshaoa." Akanipapasa mkono. "Tuna mtoto."

Gail alifunika mdomo, akageukia dirishani. Mabega yakamtikisika. Niliyaona, na kwa mara ya kwanza sikujua nimwonee uchungu nani, yeye au mimi.

Bi Hepworth alivua miwani. "Siwezi," alisema. "Samahani sana, Avril. Akiwa hivi, siwezi. Si kwamba sitaki."

"Anajua. Jana alijua," nilisema. "Mwezi mzima alijua. Ulimsikia mwenyewe."

"Nilimsikia. Lakini lazima ajue leo, sasa, wakati anasaini."

"Basi subiri."

"Ofisi inafungwa mchana, na kesho ni sikukuu. Naweza kusubiri hapa mpaka mchana. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Lionel alimwita Maxine. Maxine alimtazama Clifford machoni, akamgusa shingo, akatuvuta mlangoni. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka.

"Kinachomchanganya ni dawa niliyompa alfajiri," alisema. "Inakaribia kuisha nguvu. Ilikuwa nimpe nyingine sasa hivi. Nisipompa, akili itarudi, nadhani. Lakini na maumivu yatarudi. Na mpenzi, maumivu yake si ya kutazama."

"Kwa muda gani?" nilimuuliza.

"Mpaka nimpe. Daktari hataki niicheleweshe. Anasema nikiichelewesha, iwe ni kwa neno la familia, kwa kuwa ndiyo inayojua mgonjwa mwenyewe angetaka nini."

Akamtazama Gail. Wote pale humtazama Gail.

Gail alikuwa bado dirishani. Alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Muulizeni Avril," alisema.

"Wewe ndiye binti, mpenzi."

"Nimesema muulizeni Avril. Mimi namwona Krismasi na siku ya kuzaliwa. Yeye ndiye anayemjua."

Nimeahidi tangu sehemu ya kwanza kwamba sitajipamba. Basi nisikieni. Nilipaswa kusema mpe dawa. Mtu yeyote mwenye huruma angesema mpe dawa. Mimi nilimfikiria yule karani aliyetuambia hicho si chenu, nikakifikiria kile kiti cha plastiki, nikamfikiria Jean ambaye amekaa kaburini miaka yote na bado ndiye mwenye mume. Na nilikumbuka aliyoniambia kuhusu kalamu, lakini hilo nilikumbuka mwisho.

"Tungoje," nilisema.

Maxine aliniangalia, akatoka bila kuniita mpenzi.

* * *

Maumivu yalianza kama mtu anayeota ndoto mbaya. Clifford alikunja uso. Akasogeza miguu. Kisha akaanza kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, ndogo, nyembamba, inakwenda na pumzi. Lionel alitoka. Bi Hepworth alikaa pale pale, mikono imefumbatana, macho chini.

"Clifford," niliita. "Clifford, ni mimi."

Alifumbua macho. Jasho lilimtiririka mpaka masikioni.

"Avril," alisema.

Alikuwa amerudi. Naapa alikuwa amerudi, macho yake yote, mwenyewe kabisa, na nilimrudisha mimi ili aje kuumia.

Bi Hepworth alisogea haraka. "Bwana Uttley, unajua leo tumekuja kufanya nini?"

"Avril, mgongo."

"Bwana Uttley, nijibu tu hili moja."

"Mwambie anipe dawa. Avril. Mwambie anipe."

"Sema kwanza, mpenzi wangu," nilimwomba. Nilikuwa nimeishika kalamu. Nilimfungua vidole nikamtia kalamu mkononi, kama alivyoniagiza, nikavifumba tena. "Sema tu tumekuja kusaini. Neno moja."

Ikamponyoka, ikaanguka kwenye shuka. Alikuwa ananitazama, na kwenye macho yale hapakuwa na hasira. Heri kungekuwa na hasira. Kulikuwa na mshangao, kama wa mtu aliyepigwa na mkono asioutarajia.

Mimi macho ya namna ile nayajua. Nimewahi kuyaona kwenye kioo cha bafuni, taya imefungwa bendeji.

"Maxine," niliita.

"Avril, bado kidogo," Gail alisema nyuma yangu. "Amekujua. Amebakiza kidogo tu."

"Maxine. Njoo umpe."

"Utapoteza kila kitu."

"Nimesema mpeni."

Maxine alikuwa mlangoni muda wote, sindano iko tayari. Hakungoja niseme tena. Alimdunga begani, akaweka kiganja chake kizito kwenye paji la uso wake, akawa anamnong'oneza. Nilitoka pale kitandani nikasimama ukutani. Sikustahili kukaa karibu.

Bi Hepworth aliokota kalamu. Akakunja karatasi yake, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Aliniambia kitu kuhusu tarehe mbili Januari, kwamba ofisi ikifunguliwa tu angepanda kilima mwenyewe. Wote tulijua tarehe mbili ilikuwa mbali kiasi gani. Gail alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, amekumbatia magoti kama mtoto.

Ile sauti nyembamba ikapungua. Ikawa pumzi tu. Bi Hepworth alivaa koti lake, akafika mlangoni.

"Viatu," mtu alisema.

Tuligeuka. Clifford alikuwa anatazama miguu ya Bi Hepworth. Jasho lilikuwa bado usoni, lakini uso ulikuwa umelegea. Dawa ilikuwa imeanza kuondoa maumivu, na ilikuwa bado haijamwondolea akili.

"Ni yule mama wa viatu," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini yake. "Mbona anaondoka? Hatujasaini."

Maxine alitazama saa yake ya kifuani. "Dakika chache," alinong'ona. "Halafu anakwenda tena. Haraka, mpenzi, haraka."

Bi Hepworth alikuwa ameshafungua zipu. Hakukaa kitini. Alipiga magoti pale pale kando ya kitanda, koti mwilini, karatasi juu ya godoro.

"Bwana Uttley, lazima nikuulize tena. Uniwie radhi. Huyu mwanamke aliyesimama ukutani ni nani kwako?"

Clifford aligeuza kichwa kwenye mto, taratibu, mpaka akanipata. Kope zilikuwa zinaanza kuwa nzito. Alinitazama, akamtazama binti yake aliye chini sakafuni, akanirudia mimi.

"Huyu," alisema, "ni mke..."

Akasita. Akafumba macho, akakunja uso kama mtu anayetafuta spana gizani, na mdomo wake ulikuwa bado wazi.

Itaendelea wiki ijayo.